Fedha ya muhula igawe kwa wiki

Dada, umeuliza utawezaje kurudi chuo kusoma kwa muda wote huku unalea mtoto peke yako bila mshahara. Kinachotuangusha wengi si ada, maana ada unaijua mapema. Ni ule mkopo au ruzuku inayoingia kwa mkupuo: wiki mbili unajiona una nafuu, mwezi wa tatu wa muhula unakopa nauli. Siku ikiingia, tenga kwanza kodi na malipo ya mlezi wa mtoto kwa muhula mzima. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki, na za likizo uzihesabu, mtoto hali kwa ratiba ya chuo. Mimi nilifungua akaunti mbili, kila Jumatatu najihamishia fungu la wiki moja tu. Likiisha Alhamisi, najua kosa liko wapi ningali na muda wa kulirekebisha. Kisha kabla hujajisajili, nenda ofisi ya wanafunzi uulize waziwazi kama kuna msaada kwa wazazi na kama ada inalipika kwa awamu. Usisubiri watangaze. Na weka akiba ya siku mtoto anapougua, hata iwe ndogo kiasi gani.