Jibu: Mbwa aliyepooza kuvuta mguu haimaanishi anahisi

Umeuliza kama mbwa wako aliyepooza miguu ya nyuma bado anahisi, kwa kuwa ukimbana kidole anauvuta mguu. Kwa ishara hiyo peke yake, huwezi kujua. Kuvuta mguu ni refleksi: neva hupeleka habari kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, nao ugwe huamrisha misuli bila kuuhusisha ubongo. Hata ugwe uliokatika kabisa sehemu ya juu unaweza kufanya hivyo. Mwangalie usoni, si mguuni. Akigeuka, akilia au akitaka kukung'ata, basi habari imefika kwenye ubongo.

Refleksi humsaidia daktari kujua mahali palipoharibika. Neva za miguu ya nyuma hutoka kwenye vipande L4 hadi S3 vya ugwe (T ni sehemu ya kifua, L ya kiuno, S ya nyonga; namba huongezeka kuelekea mkiani). Miguu ya mbele ikiwa mizima na ile ya nyuma imekaza, refleksi zikiwa na nguvu, tatizo kwa kawaida liko kati ya T3 na L3. Miguu ya nyuma ikilegea na refleksi zikififia, shuku L4 hadi S3 au neva zenyewe. (Usihesabu pingili, yaani mifupa ya uti, kwa vidole: ugwe wa mbwa ni mfupi kuliko uti, hivyo vipande vya S hukaa karibu na pingili ya L5.)

Usiendelee kumbana nyumbani. Mlaze juu ya ubao umpeleke kwa daktari leo hii, hasa kama haonyeshi kuhisi, maana hapo kuchelewa kunaweza kupunguza nafasi ya kutembea tena.