Uliza Fundi: Balusta za Baraza

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Najenga nyumba ya ghorofa huku Mamboleo, Kisumu. Fundi aliniambia niagize balusta za baraza. Nikapiga simu, na kesho yake lori likanimwagia balasti mlangoni! Balusta ni nini hasa, na jina hilo limetoka wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Kokoto usizirudishe, slabu itazila zote. Majina hayo hayana undugu. Balasti ilikuwa mzigo wa kutuliza meli isipinduke. Balusta ni kijiguzo kifupi kinachoshikilia reli ya baraza, na jina lake limetokana na ua la mti.

Naam, ua. Wagiriki waliita ua la mkomamanga wa mwituni balaustion, Waitaliano wakalirithi neno na kuita kijiguzo balaustro. Ukipata mkomamanga, chuma ua ambalo halijachanua sawasawa: tako limevimba, shingo imebana, mdomo ndio kwanza unafunguka. Kisimamishe kijiguzo cha saruji kando yake, utaelewa mara moja. Wengine hukitengeneza kichwa chini miguu juu, uvimbe ukawa juu, na bado ni balusta.

Cha kuchekesha ni kwamba mahekalu ya Wagiriki wenyewe hayana vijiguzo hivyo. Neno ni la kale, mtindo ni wa Italia ya karne ya 15. Msanifu majengo Giuliano da Sangallo alivitumia katika jumba la Poggio a Caiano karibu na Florence, na msanifu mwenzake Bramante akavizungusha juu ya kanisa lake dogo la mviringo, Tempietto, mjini Roma. Safu nzima, pamoja na reli ya juu na kitako cha chini, ndiyo balustradi. Hata “banista” ya maseremala wa ngazi ni balusta hiyohiyo, ilipotoshwa midomoni mwa Waingereza.

Hapa Nakuru wengi wamehamia mabomba ya stenlesi. Ni mepesi kufuta vumbi, siyalaumu, ila mimi bado napenda saruji iliyotoka kwenye moldi. Unaponunua, uliza kama ndani mna nondo. Isiyo na nondo iache hapohapo, hata ikipakwa rangi ya kupendeza. Mwambie fundi nafasi kati ya moja na nyingine isizidi sentimita 10, penye uvimbe na penye shingo vilevile, maana mtoto hutafuta penye shingo ndipo apenyeze kichwa. Na safari hii usiagize kwa simu. Nenda mwenyewe, au watumie picha.