Fomu inayosema "kisanduku, kisanduku, kisanduku"

SWALI: Natunza tovuti ya SACCOS yetu. Mwanachama mmoja asiyeona analalamika kwamba akifungua fomu ya mkopo, simu humsomea "kisanduku cha kuandikia" mara sita mfululizo, bila kutaja kipi ni cha nini. Mbona maneno nimeyaweka kando ya kila kisanduku?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Jicho huoanisha neno na kisanduku kwa kuwa vimekaa pamoja. Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona, hakijui habari ya kukaa pamoja, chenyewe hufuata msimbo. Vifunge hivi:

<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">

Neno la "for" na la "id" yafanane herufi kwa herufi, na "id" moja isijirudie kwenye ukurasa. Mafundi wengi hunakili mstari mmoja mara sita wakasahau kubadili "id". Hapo lebo zote sita hung'ang'ania kisanduku cha kwanza, na vingine vinabaki bubu.

Usikimbilie kuyahamishia maneno ndani ya kisanduku kwa rangi ya kijivu. Mtu akianza kuandika yanatoweka, na akisahau alichoulizwa hana pa kuchungulia. Tena kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa utofauti wa rangi wa 2.85 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote, unataka angalau 4.5 kwa 1. #767676 inapita, kwa kuponea chupuchupu.

Kagua pia mwanzo wa ukurasa. Violezo vingi huja na lang="en" (lugha ni Kiingereza), na ukiiacha, "jina la mdhamini" litatamkwa Kizungu hadi mwenyewe usilielewe. Weka lang="sw".

SWALI: Mtu akikosea, kisanduku nakizungushia mstari mwekundu. Yatosha?

JIBU: Haitoshi. Asiyeona haupati, na asiyetofautisha nyekundu na kijani huenda asiugundue. Andika kosa kwa maneno chini ya kisanduku: "Namba iwe na tarakimu 10, ianze na 0." Sentensi hiyo ipe id="simu-kosa", kisha kwenye input ongeza aria-describedby="simu-kosa" na aria-invalid="true", ili kisoma skrini kitaje kosa na kuisoma sentensi hiyo. Akibonyeza Tuma, mrudishe kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa, na alivyokwisha kujaza usivifute.

Kupima, washa TalkBack, yaani kisoma skrini cha Android, kwenye mipangilio ya simu. Telezesha kidole kulia kwenda mbele, gonga mara mbili kufungua. Funika skrini kwa leso, uombe mkopo mpaka mwisho.