Namba 17 alikuwa anajitafuta ukutani

Swali lenu la wiki: "Chuo kikuu kilicho jirani nawe kimewahi kukupa nini, wewe ambaye si mwanafunzi wala mfanyakazi wake?"

Nianze na jibu la nyumbani, maana halichukui nafasi. Hapa Morogoro huu ni mwaka wa 11 naishi nyuma ya ukuta wa chuo. Nimeingia ndani mara mbili: mahafali ya mpwa wangu, na siku nilipomfuata mbuzi wangu. Mbuzi nilimpata.

Jibu lenyewe liko Bangkok. Mimi ni dalali wa mawe ya vito. Spineli za Mahenge, aina mojawapo ya vito, nyingi huishia Thailand, nami huzifuata huko. Wikiendi nakuwa Chanthaburi, mji wa soko la vito, ambako mnunuzi hukodi meza akakaa, sisi tukampitia mmoja mmoja na vipakiti vyetu. Katikati ya wiki narudi Bangkok kusubiri malipo. Kusema kweli, siku ile ningekuwa na pesa mfukoni nisingeona sanaa yoyote.

Jina la chuo naliacha kwa sababu nitamsema mlinzi wao. Mvua ilinikuta langoni, nikajibanza kwenye kijiwe cha bodaboda. Bodaboda wa Bangkok huvaa vizibao vya rangi ya chungwa, mgongoni kuna namba na jina la kijiwe. Juu yetu lilining'inia bango: maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Kithai, hakuna kiingilio, majirani karibuni. Dereva mmoja, namba 17, akaninyooshea kidevu kwamba twende, ndani kuna kiyoyozi. Tukaingia watu sita, tunachuruzika maji.

Michoro niliipita haraka. Mtu wa mawe huzoea kukiamua kitu kwa tochi na dakika moja. Ila mwisho wa ukumbi kulikuwa na pazia, kutoka darini hadi sakafuni, lililoshonwa kwa vizibao vyenyewe vya bodaboda. Vilikuwa vikuukuu, vimepauka mabegani, vingine vina madoa ya oili, na kimoja kilitiwa kiraka cha uzi wa buluu kwapani. Wenzangu wakanyamaza. Kisha wakaanza kutafuta. Namba 17 alipiga goti akapekua safu ya chini, akapata jina la kijiwe chao, akamwita mwenzake kwa sauti ya sokoni: kizibao kile kilikuwa cha jamaa yao aliyerudi kwao Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Akakishika, akakinusa.

Hapo ndipo mlinzi alipokuja mbio, anafoka, mikono juu kama anafukuza kuku. Nyuma yake akaja binti aliyeitengeneza kazi ile, mwanafunzi, yuko na kandambili. Akamwambia mlinzi awaache. Namba 17 akamweleza binti jambo refu sana, na binti akawa anaandika. Nilipomuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, akaniambia kwamba yeye ndiye aliyekosea. Alikuwa amevipanga vizibao kwa namba, 1, 2, 3. Dereva alimwambia kijiweni hakuna mtu anayeshika zamu kwa namba, wanafuata foleni, aliyewahi ndiye wa kwanza.

Tukaongea kidogo mvua ikiendelea. Alinieleza kwamba si yeye aliyeanza kuwaachia watu wa kawaida waiguse na kuisema sanaa. Mwaka 2000 msanii Sutee Kunavichayanont alipanga madawati ya shule karibu na Mnara wa Demokrasia wa hapo Bangkok, juu yake amechonga picha za historia ya nchi ambayo vitabu vya shule huikwepa. Mpita njia alikuwa anaweka karatasi juu ya dawati, anasugua penseli, anaondoka na picha yake. Michongo ya mnara ule ilitoka kwa Mtaliano, Corrado Feroci, aliyefika Siam, ndiyo Thailand ya leo, mwaka 1923, mwaka 1943 akaanzisha Chuo Kikuu cha Silpakorn, kisha akapewa jina la Kithai, Silpa Bhirasri. Halafu yuko msanii Araya Rasdjarmrearnsook, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chiang Mai. Yeye alisimamisha nakala za michoro ya Wafaransa Millet na Manet huko nje, akawakalisha wanakijiji mbele yake, akawarekodi kwa nyuma wakipiga soga juu ya wanachokiona. Hakuna profesa anayewakatiza.

Wiki iliyofuata malipo yalikuwa bado, nikarudi. Pazia lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya, namba zimechanganyika ovyo. Nyuzi za zamani hazikuondolewa zote, ukisogea karibu unaona matundu ya sindano. Basi, mhariri, hicho ndicho nilichopewa: kuona dereva anamsahihisha msomi ndani ya jengo la msomi, na msomi anachukua mkasi.

Sisemi kila kitu kilikuwa sawa. Maandishi ya ukutani yalikuwa marefu, Kithai upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Namba 17 aliyasoma ya Kithai mistari miwili, akatikisa kichwa. Na ukumbi ulifungwa saa kumi jioni. Mama wa mishikaki aliyeko mbele ya lango hilohilo ataingia saa ngapi, na moto wake anamwachia nani?

Siku hiyo ya pili nilimkuta namba 17 kijiweni, wa nne kwenye foleni. Nilimsubiri yeye. Alinifikisha gatini kwa baht 40 na hakunipunguzia hata moja.