Faida ya Mkandarasi ni Makadirio: Yasome Haya Kabla Hujanunua Hisa Zake

Msomaji mmoja ameuliza kama hisa za kampuni ndogo ya ujenzi, zinazouzwa kwa bei ambayo ni mara 4 tu ya faida ya mwaka, ni za kununua. Kampuni ina kazi mkononi za miaka miwili, inatoa gawio, na deni lake la benki ni dogo. Swali zuri, ila maelezo yote hayo hayatoshi kuamua chochote. Kwa mkandarasi, faida ndiyo namba ya mwisho kuaminiwa, na wengi wetu ndiyo tunayoikimbilia kwanza.

Mkandarasi hasubiri jengo likamilike ndipo aandike mapato. Huyaandika kadiri kazi inavyosonga, na njia iliyozoeleka ni kuchukua gharama zilizokwisha kutumika na kuzigawanya kwa gharama zote zinazotarajiwa hadi kukabidhi. Kiwango cha kimataifa cha hesabu, IFRS 15, kinairuhusu njia hiyo. Chukua mkataba wa milioni 100 unaokadiriwa kugharimu milioni 95. Zimeshatumika 38, kwa hiyo kazi imefika asilimia 40. Kampuni inaandika mapato ya 40 na faida ya 2. Kisha mkadiriaji majenzi anapiga hesabu upya, anakuta msingi umekula nondo na saruji kuliko ilivyopigiwa bei, na jumla ya gharama sasa ni 105. Mkataba ni wa bei isiyobadilika. Hasara yote ya milioni 5 inaingia vitabuni mara moja, pamoja na ya kazi ambayo haijaguswa bado. Umetoka kwenye faida ya 2 ukaangukia hasara ya 5, na kilichosogea ni kadirio tu, kwa asilimia 10 na ushei.

Kampuni yenye mikataba 200 inaweza kuimeza hasara hiyo. Yenye mikataba 6 haiwezi. Kwa hiyo jambo la kwanza kutafuta ni idadi ya miradi na ukubwa wa ule mkubwa kuliko yote. Ukikuta mradi mmoja una thamani inayozidi mtaji wote wa wenye hisa, jua unanunua mradi huo.

Halafu fungua mizania, ukurasa unaoorodhesha mali na madeni ya kampuni. Tafuta mstari wa mali za mikataba, yaani kazi ambayo kampuni inasema imeifanya lakini haijaiandikia ankara. Ujumlishe na wadaiwa wa kawaida, wale walioandikiwa ankara lakini hawajalipa, gawanya kwa mapato ya mwaka, zidisha kwa 365. Mali za mikataba zikiwa 20, wadaiwa 30 na mapato 100, unapata takribani siku 183. Fanya hivyo kwa miaka minne mfululizo. Siku zikiongezeka kila mwaka huku faida ikibaki pale pale, mara nyingi mhandisi amekataa kuidhinisha hati za malipo, au kampuni imeandika madai ya nyongeza ambayo mteja hajayakubali. Maelezo ya hesabu huko nyuma ya ripoti hueleza ni lipi kati ya hayo. Yasome hata kama yanachosha.

Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, haikuwa ndogo, lakini ugonjwa ulikuwa huu huu. Julai 2017 ilitangaza kupunguza thamani ya mikataba yake kwa pauni milioni 845, mwezi mmoja tu baada ya kuwalipa wenye hisa gawio. Januari 2018 ikaingia ufilisi. Anayeniambia gawio ni dalili ya afya nitamrudisha hapo.

Tukija kwenye fedha taslimu, usiamini salio la siku ya kufunga mwaka. Wiki za mwisho, wahasibu huwakimbiza wateja walipe na kuwapiga kalenda wauza kokoto hadi mwaka mpya uanze. Deni halisi hujitokeza kwenye riba. Kampuni ikionyesha deni la milioni 10 mwisho wa mwaka lakini imelipa riba ya milioni 6, na benki inatoza asilimia 12, wastani wa deni lake mwaka mzima ulikuwa kama milioni 50. Hiyo ndiyo kampuni unayoinunua. Angalia pia malipo ya awali kutoka kwa wateja: fedha hizo zimo benki, lakini ni za kazi ambayo bado haijafanywa. Mkandarasi anayetumia malipo ya awali ya mradi mpya kulipia nondo za mradi wa zamani anafukia shimo kwa udongo wa shimo jingine, na anaendelea vizuri mpaka zabuni zinapokauka.

Fedha za zuio zinastahili dakika zako kumi. Kwa kawaida mteja huzuia asilimia 5 ya kila hati ya malipo, huachia nusu wakati wa kukabidhi, na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, mara nyingi miezi 12. Mkandarasi anayepata faida ya asilimia 4 anakuwa ameiacha faida yake yote, na zaidi, mkononi mwa mteja. Kampuni yenye mapato ya 100 kwa mwaka na miradi ya mwaka mmoja mmoja ingepaswa kuwa na zuio la kama 5 hivi. Ukikuta 12, kuna majengo yaliyokabidhiwa zamani ambayo wenyewe hawataki kuziachia fedha. Kwenye mkutano wa wanahisa uliza ni yapi, na kasoro ni nini: paa linavuja, au sakafu imepasuka?

Dhamana za utekelezaji, yaani ahadi za benki kumlipa mteja mkandarasi akishindwa kazi, hazionekani kama deni, lakini ndizo zinazopanga kampuni ikue hadi wapi. Dhamana ikiwa asilimia 10 ya mkataba, na benki imeweka ukomo wa milioni 50, kampuni haiwezi kubeba kazi za zaidi ya milioni 500 kwa wakati mmoja, hata mwenyekiti aseme nini. Pitia pia kama mitambo inakodishwa kutoka kampuni ya mkurugenzi, na kwa bei gani.

Ukiridhika na yote hayo, nunua polepole. Hisa za kampuni ndogo hazina wanunuzi wengi. Bei ya kununulia ikiwa 100 na ya kuuzia 90, umeshapoteza asilimia 10 kabla jua halijazama. Mwagize dalali kwa bei yenye kikomo, siyo bei yoyote ya sokoni. Tazama pia hisa ngapi hubadilisha mikono kwa siku: zikiwa 2,000 nawe unataka 40,000, utahitaji siku 20 za soko zima kuingia, na si chini ya hizo kutoka.