Maswali ya wasomaji: Guzberi kutoka kwenye mbegu

SWALI: Nimekamua mbegu za guzberi na kuzifukia palepale, mara mbili sasa. Za kwanza hazikuota. Za pili ziliota, miche ikalala na kufa ndani ya siku mbili. Nakosea wapi?

JIBU: Tunachukulia unasema ile ya manjano, inayokaa ndani ya kifuko kikavu kama karatasi. Huyo ni ndugu wa nyanya, na mbegu yake huandaliwa vilevile. Ule utelezi unaoizunguka huchelewesha kuota, kwa hiyo uondoe kwanza. Okota matunda mawili yaliyoanguka yenyewe (tunda moja lina mbegu zaidi ya 100, hivyo hayo yanatosha kabisa). Yaponde ndani ya bilauri, ongeza maji kiasi kilekile, acha siku mbili. Koroga, kisha mwaga vinavyoelea: mbegu nzima huzama. Suuza kwenye chujio la chai, anika kivulini juu ya sahani. Usitumie karatasi, zitanata.

Sia mbegu kwenye chombo chenye matundu chini: udongo sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, mchanga sehemu moja. Funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita, maana kambegu kadogo hivyo hakana nguvu ya kutoka kina kirefu. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 27 huota kati ya siku 10 na 21. Usifukue kuchungulia.

Miche kulala ni kinyausi, vimelea vya ukungu vinavyolainisha shina pale linapogusa udongo. Hustawi penye majimaji na msongamano. Mwagilia asubuhi, subiri uso wa udongo ukauke kidogo ndipo umwagilie tena, na punguza miche ibaki sentimita 4 kutoka mmoja hadi mwingine. Uliokwisha kulala hauponi, ng'oa. Ikifika sentimita 15, hamishia bustanini kwa nafasi ya mita moja, lakini si pale palipotoka nyanya, bilinganya au viazi mviringo: magonjwa yao ni mamoja.

SWALI: Mmea wangu umefika kiunoni, majani mapana, matunda hakuna. Naweka samadi kila wiki mbili.

JIBU: Samadi ndiyo inayokuponza. Naitrojeni ikizidi, mmea hujenga majani na kusahau maua. Acha kabisa kwa sasa. Maua yakija, tikisa matawi taratibu mchana ili chavua ianguke.

SWALI: Linaliwa likiwa kijani?

JIBU: Hapana, bichi lina sumu. Subiri liwe la manjano iliyokolea. Liache ndani ya kifuko chake, pakavu, litakaa wiki kadhaa.

SWALI: Na ile guzberi ya miiba, ya nchi za baridi?

JIBU: Huo ni mmea mwingine kabisa. Mbegu zake huchanganywa na mchanga mbichi, zikakaa kwenye friji miezi mitatu hivi kabla ya kusia. Hata zikiota, miche haifanani na mama yake. Ukipata kipandikizi cha tawi, chukua hicho.