Maswali yenu ya umeme: volti, ampea na waya unaokula njiani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete: Mwalimu, tumepewa volti 230 na ampea 5, tutafute ukinzani na nguvu. Mimi huchanganya cha kugawa na cha kuzidisha.

Mwanangu, shika maana kwanza. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita, ukinzani ni ugumu wa njia. Ukitafuta ugumu unauliza: kila ampea moja imehitaji msukumo kiasi gani? Hapo unagawa: 230 kwa 5, omu 46. Ndiyo kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Nguvu ni msukumo na wingi vikifanya kazi pamoja, kwa hiyo unazidisha: 230 mara 5, wati 1,150, kiasi cha pasi ya nyumbani. Kisha jikague kwa ampea mara ampea mara ukinzani: 5 × 5 × 46. Ikija 1,150 tena, kabidhi karatasi.

Mama wa watoto wanne, Jang'ombe: Asubuhi nawasha birika la wati 2,000 na pasi kwenye ekstensheni moja. Plagi inakuwa ya moto lakini fyuzi haikatiki. Si ndiyo salama?

Hapana, bibi. Gawa wati kwa volti: birika linavuta ampea 8.7. Ongeza 5 za pasi, unapata 13.7, na fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni ya 13. Ziada ndogo kama hiyo haikati fyuzi papo hapo. Inaweza kuvumilia muda mrefu huku waya wa bei rahisi unaungua taratibu ndani ya plastiki.

Moto wa plagi una hesabu yake. Pini ikilegea, hata sehemu ya kumi ya omu inatosha: 13.7 × 13.7 × 0.1 ni karibu wati 19 za joto, zimefungiwa ndani ya kiplastiki kidogo. Badilisha plagi, na birika lichomeke ukutani peke yake. Fundi atakayekuambia afunge kipande cha waya badala ya fyuzi, mpe chai aende zake.

Baba, Micheweni: Jioni umeme unakuwa mdogo, fundi amepima volti 180. Birika linachelewa mno. Angalau uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zinapungua?

Hazipungui, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wati 2,000 zilizoandikwa chini ya birika ni za volti 230. Kisichobadilika sana ni ukinzani wa waya wake wa joto: 230 × 230, gawa kwa 2,000, ni omu 26.5. Sasa lipe volti 180: mkondo unashuka hadi ampea 6.8, na nguvu ni 180 × 6.8, yaani wati 1,225 hivi. Volti zimepungua kama moja ya tano, nguvu imepungua karibu mbili ya tano, kwa sababu volti zikishuka zinashuka na ampea.

Lakini maji yanataka joto lile lile ili yachemke. Kilichochemka kwa dakika 5 sasa kinataka zaidi ya 8, na uniti ni wati mara muda. Unalipa kiasi kile kile, tena na nyongeza kidogo, maana birika linapoa huku linachemsha.

Friji usiipigie hesabu hii. Mota yake si waya wa joto tu. Volti zikishuka inaweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi, ikapata moto na kuungua. Jioni kama hizo izime, au uweke stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, inayotosha nguvu yake.

Mvuvi wa dagaa, Mkoani: Taa ya wati 60 inawaka hafifu ingawa betri ya volti 12 imejaa. Waya ni wa 0.75 (unene wa milimita za mraba), mita 10 hadi kwenye taa.

Waya ndio unaokula. Taa yako inataka ampea 5, basi ukinzani wake ni omu 2.4. Waya wa shaba wa 0.75, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una karibu omu 0.46. Jumla 2.86, mkondo unabaki ampea 4.2, na taa inapata wati 42 tu. Weka waya wa 4, itapanda hadi kama 56. Taa ya wati 60 ya nyumbani ingevuta robo ya ampea tu, hivyo waya huo huo usingekusumbua.

Kijana mwenye mita ya kupimia umeme, Darajani: Globu ya zamani ya wati 100 nimeihesabu omu 529, mita inasoma 38. Nani mwongo?

Hakuna. Mita inaipima baridi. Ikiwaka, uzi wake unafika maelfu ya digrii na ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi.

Msomaji, Chake Chake: Kwa nini waya wa baharini kutoka Tanga una kilovolti 33 wakati nyumbani tunatumia 230?

Ni swali la mvuvi wa Mkoani, kwa kipimo kikubwa. Kusafirisha wati milioni moja kwa volti 230, tukihesabu kirahisi, kunataka ampea 4,350. Kwa volti 33,000 zinatosha ampea 30. Joto linalopotea kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo mkondo ukipungua mara 143, upotevu kwenye waya ule ule unapungua zaidi ya mara 20,000. Waya huo wa Tanga unaihudumia Pemba tangu 2010. Ule wa Unguja, wa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, unabeba mzigo mkubwa zaidi, nao ni wa kilovolti 132.